Mama Rula, Aliyemjibu Mshairi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mliofika hapa asubuhi hii, familia imenituma mimi, kitindamimba wake, niwasomee safari ya maisha ya mama yetu, na niseme ukweli tangu mwanzo, sikuchaguliwa kwa ufasaha, nimechaguliwa kwa sababu kati yetu wanne mimi ndiye ninayelia polepole, kwa hiyo mkiniona nimenyamaza katikati ya sentensi msishtuke, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1938, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa wa wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza wa kike. Baba yake alikuwa tarishi katika Idara ya Ujenzi, kazi yake ikiwa kubeba ramani zilizoviringishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye cherehani ya mkono chini ya dirisha la mbele. Jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo, Rula, alilipata akiwa na miaka mitano, baada ya kuchukua kijiti cha kupimia cha mama yake na kumpima kila mgeni aliyeingia, kisha kumtangazia vipimo vyake mbele ya watu, na shangazi yake mmoja, aliyeambiwa kwamba upana wake unakaribia kuukuta urefu, hakutia mguu nyumbani kwao kwa miezi miwili.

Wajukuu mlioko hapa mjue kwamba mji aliozaliwa bibi yenu ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya ngozi, posta ilikuwa na dirisha la Wazungu na dirisha la watu weusi, bustani ilikuwa na viti ambavyo baba yake aliruhusiwa kuvipaka rangi lakini si kuvikalia, na shule nazo zilikuwa hivyo hivyo, zao zenye maabara na uwanja wa nyasi, na ya kwetu yenye madarasa manne, ambayo marehemu aliianza Januari 1946, akikaa dawati moja na wenzake watatu, na kila mmoja akiandika kwa zamu ya kiwiko.

Mwaka 1954, akiwa na miaka kumi na sita, alifundishwa na mwalimu wa lugha, kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe ambalo alilifua kila siku, na siku moja mwalimu huyo aliingia darasani bila kitabu, akaandika ubaoni shairi ambalo hawakuwa wamewahi kuliona. Shairi lenyewe lilieleza habari za mama aliyemshonea mtoto wake nguo ya kwendea kwenye jumba ambamo watoto wa wengine walikuwa wakisoma, wakafika getini, mlinzi akaitazama ngozi ya mtoto akasema bado, wakarudi, nguo ikawekwa sandukuni, wakaenda tena mwaka wa pili, na wa tatu, na wa kumi, na siku geti lilipofunguliwa nguo haikupita mabegani, na shairi likaishia hapo, mtoto amesimama na nguo mkononi. Mwalimu akawaambia kila mmoja aandike ukurasa mmoja, si wa kueleza shairi lina maana gani, bali wa kueleza limemfanya nini yeye mwenyewe. Wenzake wote waliandika kwamba limewahuzunisha. Marehemu aliandika maneno haya, nayasoma kama yalivyo, kwa kuwa karatasi ninayo.

"Aliyeandika shairi hili anajua kulia lakini hajui kushona. Mama yangu ni mshonaji. Nguo ikibana haitupwi, inafumuliwa ubavuni, inaongezwa kitambaa, inavaliwa. Tena namshangaa huyu mtoto, miaka yote hiyo yuko getini hajamuuliza mlinzi amri kapewa na nani. Mimi nitauliza. Nataka kuwa mchoraji wa ramani za majengo, na nguo yangu ikinibana nitaifumua."

Mwalimu aliusoma ukurasa huo mbele ya darasa, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaketi, akamtazama, akamwambia, "Rula, umeniweza. Lakini nikuulize, na kitambaa cha kuongezea kisipopatikana je?" Marehemu alisimama, akajikuna kichwa, akajibu, "Mwalimu, nipe muda nifikirie," na darasa zima likaangua kicheko. Ukurasa huo ulibandikwa ukutani, na ndio ulioleta taabu, maana tarehe 9 Agosti 1954 alikuja mkaguzi wa shule, Mzungu mwenye kofia, akausoma akiwa amesimama, akauliza shairi limetoka wapi na nani karuhusu, na kabla wiki haijaisha mwalimu alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa treni. Siku ya kuondoka alipita darasani kuaga, akaubandua ukurasa ule ukutani, akautia kwenye mfuko wa shati, akamwambia marehemu, "Huu naondoka nao, usije ukamletea balaa na atakayenifuata." Mama alikuwa akituhadithia mengi kwa kucheka, lakini hapa hakuwa akicheka, alisema siku ile alielewa kwamba amri ina mwenyewe, na mwenyewe anavaa kofia.

Baada ya kumaliza shule aliomba nafasi katika chuo cha ufundi, akiwa na alama za juu kuliko wote darasani, na Januari 1957 alipata jibu kwa barua yenye muhuri, ikisema kwamba chuo kinasikitika, hakina maliwato ya wanawake wa rangi yake. Aliisoma barua kwa sauti mbele ya wazazi, baba yake akainama akitazama viatu, mpaka mama yake alipoinua uso kwenye cherehani akauliza, "Kwa hiyo ndoto yako wewe imekwama chooni?" na wote watatu wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna habari gani njema. Babu, yaani baba yake, kesho yake alivaa koti lake la kazi mapema kuliko kawaida, akaenda kusimama mlangoni kwa karani mkuu tangu saa moja mpaka saa tano, na tarehe 4 Februari 1957 binti yake akaajiriwa Idara ya Ujenzi kuwa mnakili wa ramani.

Chumba cha kuchorea kilikuwa kirefu, wachoraji wa Kizungu wakikaa kwenye meza za dirishani penye mwanga, na wanakili wakikaa nyuma, karibu na kabati la majalada, chini ya balbu moja, kazi yao ikiwa kutandika karatasi nyembamba juu ya ramani ya mchoraji na kuifuata kwa wino mstari kwa mstari, bila kuongeza kitu, bila kupunguza kitu na bila kutia jina. Mwaka 1961 aliletewa ramani ya hospitali ya ghorofa moja, akainakili hadi kwenye ngazi, hapo mkono ukasita, akahesabu vipandio, akahesabu tena, akaona viko kumi na saba wakati kimo cha ghorofa kinataka kumi na tisa, maana yake mgonjwa angefika juu akakuta bado kumebaki zaidi ya futi moja, basi akaandika kwa penseli pembeni, "Ngazi haifiki."

Mkuu wa chumba aliinuka na karatasi mkononi, akauliza, "Nani ameigusa ramani yangu?" Wanakili wote wakainamia meza zao. Marehemu akasema, "Ni mimi, bwana. Ngazi yako inaishia hewani." Akaambiwa, "Wewe kazi yako ni kufuata mstari," naye akajibu kwa adabu zote, "Ndiyo bwana, nimeufuata, nikaanguka." Mkuu alirudi dirishani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akahesabu mara ya pili, shingo ikamwiva, akaongeza vipandio viwili, akatia saini yake, na jambo hilo halikutajwa tena katika chumba kile. Hospitali hiyo ipo, sisi watoto tumepandishwa ngazi ile kila tulipopelekwa kuchanjwa, tukihesabu kwa sauti, na tukifika juu mama anatuambia, "Mmefika salama kwa hisani ya mama yenu, semeni asante," nasi tunasema asante, wauguzi wakidhani tunawashukuru wao.

Mwaka uliofuata aliingia pale ofisini fundi seremala mmoja kutoka karakana, amekasirika, ameshika mchoro wa dirisha, akasema, "Aliyechora dirisha hili hajawahi kufungua dirisha maishani mwake," na marehemu, ambaye kwa bahati mbaya au nzuri ndiye aliyelinakili, akamjibu, "Na wewe hujawahi kugonga mlango, maana umeingia kama upepo." Fundi akatoka, akagonga, akaingia upya. Huyo ndiye baba yetu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1963, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza, dada yetu mkubwa, alizaliwa mwaka 1964 naye ni muuguzi, wa pili mwaka 1965, fundi wa magari, wa tatu mwaka 1968, mwenye duka la miwani, na mimi wa mwisho mwaka 1972, mwalimu wa hesabu, na kati yetu hakuna aliyerithi mkono wa mama, akitutazama tukichora nyumba shuleni alikuwa akiuliza kwa upole kama imeshaanguka au ndiyo inaanguka.

Bendera ilipobadilika, sheria za rangi zikafutwa, na Januari 1966 chuo cha ufundi kikafungua milango kwa kila mtu, na mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni la heshima, mtoto wa pili mgongoni. Karani alikuwa kijana mweusi mwenzake, mwenye tabasamu, akaipokea fomu, akaisoma, tabasamu likapungua, akamwambia, "Dada yangu, samahani sana, mwisho ni miaka ishirini na mitano." Mama alikuwa na ishirini na saba. Baba alitusimulia kwamba hiyo ndiyo mara pekee aliyomkuta mkewe analia, amekaa kizingitini, gauni la heshima likiwa bado mwilini, akisema, "Geti limefunguliwa, na mimi nimezidi kimo," na baba, ambaye hakuwa amelisikia shairi, hakuelewa mpaka alipohadithiwa lote.

Baada ya wiki mbili za kutosema na mtu alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani, akimwomba radhi kwa kumcheka mshairi, na jibu lilipokuja bahasha ilikuwa nene, ndani yake mlikuwa na ukurasa ule ule wa mwaka 1954, umekunjwa mara nne, pamoja na fomu ya masomo kwa njia ya posta, na kikaratasi chenye maneno machache, "Rula, ule muda ulioomba wa kufikiria umekwisha, kitambaa kiko wapi?" Mama aliangua kicheko jikoni mpaka baba akaja mbio, na jioni hiyo hiyo fomu ikajazwa.

Kilichokosekana kilikuwa meza ya kuchorea, na mbao za upana ule zilikuwa adimu, basi baba akachukua bisibisi, akaung'oa mlango wa chumba chao cha kulala, akaulaza juu ya miguu minne, akaupiga msasa, na tangu mwaka 1967 hadi 1974 chumba cha wazazi wetu kilikaa bila mlango, pazia tu, na hata hivyo mimi nikazaliwa, jambo ambalo kaka zangu wameniomba nisilitaje leo na nimelitaja. Tulikua chini ya meza ile, tukifanya kazi zetu za shule huku vumbi la raba likituangukia vichwani, na mama akisema, "Anayetikisa meza atafidia nyumba nzima."

Tarehe 18 Juni 1971 babu yetu, baba mzazi wa marehemu, alifariki dunia, akiwa amebeba ramani za Idara ya Ujenzi kwa miaka thelathini na mitano, na walipofungua mkoba wake wa kazi walikuta, chini kabisa, daftari la kurasa za mraba, na ndani yake nyumba imechorwa kwa penseli, vyumba vinne, varanda, tangi la maji, vipimo vyote vimeandikwa kwa hati ndogo safi, na tarehe ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ya mwaka ambao mama hajazaliwa. Hakuna aliyejua, si mkewe, si binti yake aliyefanya naye kazi katika jengo moja miaka kumi na minne. Mama aliuliza mara nyingi baadaye, bila kutegemea jibu, ni mchana gani, na katika korido gani, mtu yule alikuwa akijifunza.

Novemba 1974, akiwa na miaka thelathini na sita, mama alikaa chumba cha mtihani akiwa mwanamke pekee kati ya watahiniwa hamsini na wawili, akafaulu, akapata cheti cha mchoraji kamili, na Machi 1975 akahamishiwa meza ya dirishani. Ramani ya kwanza iliyobeba jina lake ilikuwa ya shule ya madarasa manane, na wenzake walishangaa kumwona siku nzima anachora kitu kimoja pembeni mwa karatasi, walipochungulia wakakuta ni vyoo vya wasichana, akawaambia, "Hapa ndipo shule inapoanzia, madarasa yatafuata." Kisha akalichukua daftari la baba yake, akaijenga nyumba ile kwa mikono ya mume wake, tukahamia tarehe 8 Desemba 1979, na bibi yetu, mjane wa babu, akahamia pamoja nasi. Kulikuwa na kosa moja tu katika mchoro wa babu, dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani, na mama alikataa katakata kulihamisha, hivyo bibi akapika miaka kumi na moja hadi kufa kwake akitazama tofali, akisema, "Mume wangu angalau angeniuliza."

Alistaafu tarehe 31 Machi 1993, na kwenye sherehe ya kumuaga, mkuu mpya wa idara, kijana mzuri tu, alisema katika hotuba yake kwamba vikwazo vya ubaguzi ndivyo vilivyomjenga mama huyu, watu wakapiga makofi. Mama akaomba kipaza sauti, nami nilikuwepo, akasema, "Mwanangu, asante kwa saa ya ukutani, lakini tusidanganyane. Vikwazo havikunijenga, vilinichelewesha miaka kumi na saba. Nilitaka kuwa msanifu wa majengo makubwa, sikuwa, na ningeweza. Walionijenga ni mama yangu, mwalimu wangu na fundi huyu aliyekaa pale anayekula keki ya tatu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimwandikia mshairi kwamba hajui kushona. Leo namwambia alikuwa mkweli. Mimi kitambaa nilikipata, baba yangu hakukipata, na si kwa sababu alikuwa mvivu wa kutafuta. Kwa hiyo mkitaka kunisifu, msinisifu kwa kuvumilia, hakikisheni hakuna mtoto anayeambiwa bado. Sasa leteni soda, watu wana kiu." Wa kwanza kusimama alikuwa yule yule mkuu kijana, na wa mwisho alikuwa baba, kwa sababu ya keki.

Hakupumzika hata baada ya kustaafu, maana kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka ishirini na miwili, alifundisha kuchora ramani kwenye varanda yetu, wakija wasichana kwa wavulana wa mtaa, akiwafundisha kwa ukali uliochanganyika na vichekesho, na aliyepinda mstari aliambiwa autembee kwa mguu aone utamfikisha wapi, na wanafunzi wake kumi na mmoja leo ni wasanifu wa majengo waliosajiliwa, watano kati yao wako hapa, mama alijua majina ya majengo yao yote na alikuwa ameshayapata makosa mawili matatu.

Baba yetu mpendwa alitangulia tarehe 3 Oktoba 2006, na marehemu aliubeba ujane wake kwa utulivu, akizungumza naye wakati mwingine anapotafuta nyundo. Afya yake ilianza kudhoofika Aprili 2019, miguu ikivimba na pumzi ikikatika, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara tatu, na hata wodini alimweleza daktari bingwa kwamba mlango wa chumba kile ni mwembamba kuliko kitanda, wakapima, wakakuta kweli. Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, dada yetu mkubwa akimshika mkono na mimi nikimsomea gazeti, alinikatiza kunirekebisha neno nililolikosea, akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Ameishi miaka themanini na moja na karibu nusu, ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na vitukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomtibu kwa subira akiwa mgonjwa mwenye maoni mengi, inawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na mikono ya kazi bila kuombwa, inawashukuru wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi, wa zamani na wa sasa, waliokuja na basi zima, na inawashukuru wanafunzi wake wa Jumamosi, ambao tangu juzi wamefagia ua wetu mara nyingi kuliko unavyohitaji, kwa kuwa hawajui wafanye nini kingine, na sisi pia hatujui.

Mama, leo asubuhi dada aliandaa chai ya watu wote, akapanga vikombe mezani, akaweka na chako kwa mazoea, akakimiminia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na moyo wa kukiondoa, tumekiacha pale pale mahali pako, kinafuka moshi, tukaja kukusindikiza.

Pumzika kwa amani.